Saini ya Mwizi

Kuna watu wakidhulumiwa husema yamepita, wakajifunika shuka wakalala. Mama Skrubu hakuwa mmoja wao. Jina hilo alipewa na wenye maduka wa mtaani kwake, kwa kuwa katika mashine zao za kutolea risiti hakuacha hata skrubu moja ilegee. Na moyoni alikuwa na moja aliyoikaza kwa miaka mingi, akiigusa kila asubuhi kuhakikisha bado imekaza.

Zamani alikuwa mtu wa ofisi kubwa. Kampuni moja ilikuwa na lugha yake yenyewe ya kuandikia programu za kompyuta, ndiyo iliyoendesha hata mashine za risiti za madukani, na moyo wa lugha hiyo, ile sehemu inayosoma alichoandika mtu na kuifanya mashine itii, aliuandika yeye. Aliuandika nyumbani kwao, kwenye meza ya baba yake fundi saa, kabla hajaajiriwa popote. Kampuni ikampokea kwa vifijo, yeye na moyo wake huo, na kwa haraka ya kuuza hakuna aliyekumbuka kumtaka aandike kwamba sasa ni mali yao.

Siku moja kikaoni akasema lugha ifunguliwe: kila mtu aone ilivyoundwa, airekebishe, aitumie bure.

"Mwenye duka akikosa ada ya mwezi mmoja tunamzimia mashine," alisema. "Hiyo si lugha, ni kamba shingoni."

Mkurugenzi, bwana nadhifu wa sauti laini, akatabasamu. "Mkono mtupu haulambwi, dada yangu. Tukiigawa bure, hawa wanaoiandika watakula nini?"

Hoja haikuwa ya kipuuzi. Lakini nusu ya kikao ilipoanza kuegemea kwa yule mwanamke, mkurugenzi alihisi kiti kinayumba. Wiki hiyohiyo ikatangazwa kwamba bibi huyu ameiba siri za lugha ili awauzie washindani. Akatolewa na mlinzi, kikombe cha chai mkononi. Kama vile haitoshi, mkurugenzi alikwenda mwenyewe kwa mzee fundi saa, akakaribishwa kiti, akamweleza kwa upole kwamba hatamshtaki binti, kwa heshima ya mzee tu. Upole ule! Mtu akikutukana utapona. Akikuonea huruma ya uongo mbele ya wazazi wako, amekumaliza. Mzee alimwamini mgeni. Alikufa hasemi na bintiye.

Kwa hiyo anayehubiri kwamba kisasi hakifai, kwanza akamzike baba aliyemnunia, kisha arudi tuzungumze.

Miaka ikaenda. Lugha nyingine zikazaliwa, za bure, na wateja wa kampuni wakahama mmoja mmoja. Wakuu wapya wakaamua: mwisho wa mwaka ofisi ya lugha inafungwa na mashine zinazoitegemea zinazimwa, isipokuwa kama lugha yenyewe itafunguliwa iwe ya umma. Mkurugenzi, aliyekuwa anastaafu, ndiye angeifungua kwa mkono wake na kuagwa kwa sifa kama mzazi wa lugha. Ndipo wakili alipopekua akagundua kwamba moyo si wao. Bila saini ya mwenyewe, hakifunguliki kitu.

Mkurugenzi akaja mwenyewe, mchana wa jua kali, hadi kwenye chumba cha nyuma cha duka la umeme la kaka yake Mama Skrubu, alikotengenezea mashine. Akaonyeshwa kigoda. Mama Skrubu alikuwa anafuta mashine ya muuza viatu. Akamaliza kuifuta, akaifuta tena.

"Dada, ya kale tuyaache," mkurugenzi alisema mwishowe.

"Wewe yaache. Mimi mikono yangu imejaa. Sema shida."

Akaeleza. Mama Skrubu akasikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe siku hizi bure ni nzuri! Na wanaoiandika watakula nini?"

Bwana akatazama viatu vyake.

"Sitii saini," akasema Mama Skrubu. "Njia uliyojia unaijua."

Raha iliyompata haikumaliza hata saa moja. Kaka yake, aliyesikia yote kupitia pazia, aliingia akasimama. "Ukikataa, mashine zote mtaani zinazima. Ya kwangu ikiwemo. Unamkomoa yeye au unatukomoa sisi?"

"Yeye."

"Yeye ana kiinua mgongo chake, dada. Sisi je?"

Alichukia kusikia hivyo kwa sababu ni kweli. Kitu alichokidai kikaoni mpaka kikamfukuzisha kazi, sasa ni yeye anayekizuia. Wala usidhani alilainika. Alitaka yule mtu aumie. Alitafuta tu njia isiyopita shingoni mwa muuza viatu.

Njia ilikuwa katika desturi ya kazi yake mwenyewe. Anayetoa programu yake bure hulinda jambo moja: maneno aliyoyaweka juu kabisa, yanayomtaja yeye na kazi yake, hayafutwi. Anayetaka kuichukua kazi huichukua na maneno yake, na nakala zote hubeba hayohayo. Akampigia wakili: atasaini, ila maneno yake yawe haya, na kila anayeiwasha lugha ayaone kwanza:

"Moyo wa lugha hii niliuandika mwenyewe, kwenye meza ya baba yangu. Mkurugenzi wa kampuni alimwambia baba kwamba nimeiba. Alisema uongo, na alijua ni uongo."

Mkurugenzi akapiga simu akitweta. "Huku ni kunivua nguo!"

"Vaa nyingine."

"Basi ile sentensi ya mwisho itoke."

"Ikitoka herufi moja, na saini yangu inatoka."

Wakuu wapya hawakuwa na uchungu na heshima yake. Walikubali.

Siku ya kufungua, ukumbi ulijaa. Bwana akabonyeza, maneno yakatokea ukutani, makubwa, meupe, nyuma ya mgongo wake, naye akaendelea na hotuba huku watu wakisoma na kunong'onezana. Mama Skrubu alikuwa mstari wa mbele. Alifurahi mpaka akaona haya, kisha haya ikaisha akaendelea kufurahi. Na mtaani hakuna mashine iliyozima.

Baadaye sana bwana alirudi chumba cha nyuma, hana tai, mashavu yamebonyea.

"Binti yangu wa mwisho yuko chuoni," alisema. "Wanafundishwa lugha hiyo. Ameiwasha, ameyasoma. Akaniuliza, 'Baba, huyu ni wewe?' Nikanyamaza. Sasa hasemi nami. Dada, nakuomba, yafute."

Hapa ndipo Mama Skrubu alipomwona ameumia kweli, kama alivyomwombea. Akaweka bisibisi chini.

"Hata ningetaka, siwezi. Nilishaitoa. Iko kwa watu nisiowajua, kila mmoja na nakala yake. Si yako, si yangu. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Sasa nimwambie nini mtoto?"

"Mwambie ulivyofanya. Una bahati wewe, wako yuko hai, anaweza kukusikia. Wangu alikwenda kaburini na uongo wako."

Bwana akainuka. Mama Skrubu hakumsindikiza hata mlangoni.