Jiko la Kipaimara

Siku ninayoikumbuka mpaka leo, mwanangu, ni ile tuliyokuwa tupeleke jiko parokiani Kaagya. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, nikifanya kazi na baba katika karakana yake hapa Rwamishenye. Jiko lile nililitengeneza mwenyewe: miguu ya chuma, na juu yake bamba lenye tundu la kukalia sufuria kubwa ya sherehe ya kipaimara. Mpishi alikuwa shangazi yangu, Ma Koku. Ndiye angesimama kando ya moto ule tangu alfajiri, akipika ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage.

Gari lilikuwa limeshafika. Nikapanda juu ya bamba nikarukaruka, halikutikisika. Nikamwambia baba tupakie. Tata, ndivyo nilivyomwita baba, hakuwa mtu wa makelele. Aliniuliza tu, "Umelijaribu likiwa limepata moto?"

Nikatikisa kichwa. Akamwomba dereva arudi kesho. Nililia kwa hasira, sikufichi, maana majirani walikuwa wamekuja kuona kazi ya binti fundi. Baba akanitazama, akasema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye," akaenda kuleta kuni.

Tukateleka sufuria kuukuu iliyojaa mawe, tukakoka moto. Kwa muda mrefu hapakutokea kitu, nami nikaanza kumtazama baba kwa jicho la ushindi. Bamba lilipogeuka jekundu pembeni mwa tundu, likalegea. Halikukatika, mwanangu, wala halikulia. Lilibonyea polepole kama jani la mgomba linapobabuliwa, sufuria ikainama upande wangu. Baba akanivuta mkono. Mawe yakamwagika pale pale nilipokuwa nimesimama.

Akilini nilimwona Ma Koku amesimama mahali pale, na maharage yanayochemka badala ya mawe. Nikakaa chini, nikacheka huku machozi yakinitoka, na baba akakaa karibu yangu. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Tulikata bamba nene zaidi, tukachomelea nondo chini yake, tukalitesa tena kwa moto na mawe mpaka kuni zikaisha. Halikupinda. Siku ya sherehe Ma Koku alipika, akaimba, akagombana na waliokuja kuonja kabla ya misa. Mpaka leo hajui lolote. Mimi nilikula nikiwa nimesimama kando yake, moyo mweupe kabisa.

Basi mwanangu, usiamini kitu kwa uimara wake kikiwa baridi. Kazi yako, rafiki yako, hata huyo unayetaka kumuoa au kuolewa naye, mjue kwanza katika joto atakaloishi nalo. Na anayekuchelewesha ili upime, usimhesabu kuwa adui.

Mungu akupe watu wa kukuvuta mkono kwa wakati, na kila atakayeitegemea kazi yako arudi kwake salama.