Saa ya Mama Renatha

Renatha, mkunga mstaafu wa Pasiansi, aliinunua saa yake kwa mshahara wake wa kwanza, akiwa bado Bukoba. Ilikuwa saa ya kujaza kwa mkono, haijui betri. Mapigo ya moyo ya wagonjwa wake wote aliyahesabu kwa mshale wake wa sekunde.

Mwaka huu ilianza kuchelewa. Renatha aliamua haitaguswa na mtu mpaka Masalu, fundi aliyeizoea, arudi kutoka msibani Ukerewe. Mwanawe Alexander akaona huko ni kujichelewesha. Siku mama yake alipokwenda kusali jumuiya, aliichukua akaipeleka kwa fundi wa Mkuyuni.

Jioni akamrudishia, uso umejaa furaha. "Mama, imepona."

Renatha aliitazama. Mshale wa sekunde, uliokuwa ukiteleza, sasa ulikuwa unarukaruka.

"Umeitia betri?"

"Fundi amebadilisha mashine ya ndani. Hutahangaika tena kuijaza."

"Nani alikutuma?"

"Lakini Mama, si inatembea?"

Renatha aliifunga saa kwenye leso. "Kesho utanipeleka kwa huyo fundi."

Asubuhi walikuwa Mkuyuni. Fundi Jonathan akamwamkia, "Shikamoo, mama." Renatha aliinyima salamu ile jibu.

"Mashine yangu iko wapi?"

"Ile ilikuwa imekufa, mama. Nimempa mwenzangu wa Nyakato, atoe spea."

"Imekufa? Ilikuwa inataka kusafishwa na kutiwa oili! Wewe ulishindwa, ukaing'oa utumbo!"

Akaketi kwenye benchi la wateja. Kila aliyefika na saa, alimwonyesha ya kwake. "Mwachie huyu, akurudishie ganda." Wateja wawili waligeuza wakaondoka. Alexander alimshika bega, "Mama, twende, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Nikifa utabadilisha unachotaka. Leo niko hai, na hukuniuliza."

Mwishowe Jonathan alipanda bodaboda kwenda Nyakato. Alirudi jasho likimtoka, na mashine ikiwa imefungwa kwenye karatasi, nzima. Renatha aliikagua, akaitia kwenye mkoba, akaondoka bila kuaga.

Masalu aliporudi aliisafisha mashine, akairudisha mahali pake, na saa ikashika majira. Jumapili Alexander alikuja kuomba radhi. Renatha alimpakulia ndizi na samaki, akamwekea maji ya kunawa, kisha akaenda kula chakula chake jikoni peke yake.