Rafu ya Ishbel Tolmie

Ishbel Tolmie alikuwa na pua. Sisi wengine tunazo za kuwekea miwani, lakini ya Ishbel ilikuwa pua ya kazi. Baba yake alikuwa fundi mapipa pale kiwanda cha wiski cha Kincairnie, na aliporudi jioni mtoto alinusa koti lake kwanza, salamu zikafuata.

"Leo ulikuwa na mapipa ya mvinyo, baba. Tena moja linavuja."

Alikuwa na miaka saba. Kesho yake baba akaenda kulitafuta hilo pipa, akalikuta linavuja kweli.

Huyo ndiye aliyekuja kusimama nyuma ya kaunta ya Baa ya Darajani kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza wiski gani iwekwe rafuni. Mwenye baa aliishi Aberdeen. Alileta makasha bila kuuliza, na Ishbel akapanga. Zilikuja chupa zenye picha za kulungu, zikakaa hadi vumbi likazivisha shuka. Ishbel hakulalamika. Alifuta, akamimina, akatazama watu wanakunywaje. Yeye mwenyewe hakuwahi kumaliza glasi. Alionja kwa kijiko cha chai, basi.

Halafu mwenye baa akataka kuiuza igeuzwe nyumba ya wageni wa majira ya joto. Kijiji kikakataa. Watu wakachangishana, wakainunua baa yao, wakaunda kamati ya watu watano, mwenyekiti akiwa Wattie Leask aliyekuwa akifanya kazi posta. Siku ya kwanza kamati ikamwambia Ishbel: andika orodha.

Rafu ile ni ya chupa ishirini na nne, haiongezeki. Kushoto kuna saa, kulia kuna bomba la moshi. Na katika bonde letu kuchagua ishirini na nne si mchezo. Kuna kiwanda cha upande huu wa mto, Kincairnie, na kuna cha ng'ambo, Drumlach, na mtu hunywa ya upande uliomlea. Ukiiacha chupa ya mtu nje ya rafu, umemwambia yeye si wa hapa.

Ishbel aliandika wiki mbili, nyuma ya kalenda ya zamani. Aliposoma Wattie, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Mbele ya kila wiski palikuwa na jina la mtu.

"Ishbel, mama, hii ni orodha ya wiski au ya mazishi?"

"Kila chupa ina mtu wake," Ishbel akasema. "Chupa isiyo na mtu ni pambo."

"Na hapa ya kumi na saba, Drumlach. Umemwandika Dod Geddes."

"Ndiyo."

"Dod amepika wiski ya Kincairnie miaka hamsini. Akipita mbele ya Drumlach anatema mate."

"Namjua. Nimeandika nilichokiona."

Habari ikamfikia Dod kabla Ishbel hajafika nyumbani. Mzee yule alikuja kaunta uso umewiva. "Binti Tolmie, kama nisingemjua baba yako ningesema umelewa. Wewe hujui kazi." Tangu siku hiyo akawa anaagiza kwa kunyoosha kidole tu.

Kamati ikaingiwa na hofu. Kama mhudumu hajui Dod Geddes anakunywa nini, anajua nini? Basi wakakubali msaada wa kampuni moja ya Edinburgh, ambayo ingechagua chupa zote na kuleta na msimamizi wake.

"Na mimi?" Ishbel akauliza.

"Utabaki, mama, utabaki," Wattie akasema huku akitazama viatu vyake. "Glasi zinahitaji mtu."

Neno hilo lilimkaa Ishbel kifuani kama mfupa wa samaki. Siku tatu akafuta glasi. Ya nne akaenda kwa Wattie, hakuketi.

"Mleteni huyo mchaguzi wa Edinburgh. Yeye alete wiski sita zake, mimi sita zangu. Glasi ziwe na namba tu, kijiji kinywe, kipige kura. Akinishinda nitaosha glasi bila kununa. Nikimshinda, rafu ni yangu na ufunguo wa baa ni wangu."

Wattie hakuwa mtu mbaya. Alikubali.

Jumamosi mchana ukumbi wa kijiji ukajaa hadi watu wakakalia madirisha. Mchaguzi, Rory Dalgleish, alikuwa kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na alijua kazi yake. Alisimama akaeleza jinsi ya kunusa, jinsi ya kutia maji kidogo ili harufu ifunguke, na watu wakamsikiliza kama kanisani. Kisha glasi zikaanza kupita, moja hadi kumi na mbili.

Ishbel alikaa pembeni na kijiko chake, akisikiliza. Mambo yalikuwa yanakwenda upogo. "Hii ya tatu, aisee." "Ya saba ni moto." Ya tatu na ya saba hazikuwa zake. Akaonja ya nne, wiski aliyoijua kama anavyoijua harufu ya jiko lake. Akatia matone ya maji. Haikusema kitu. Akaongeza. Imenyamaza kabisa, kama mtu aliyeudhiwa.

Hapo akaacha glasi, akainua chupa ya maji iliyokuwa mezani, akainusa.

"Wattie. Maji haya yametoka wapi?"

"Dukani, mjini. Tumeyanunua kwa heshima ya mgeni." Wattie akainama, akashusha sauti. "Ya bomba yetu yana rangi ya chai, Ishbel. Ulitaka atuone washamba?"

Ishbel akasimama. Alitoka, akavuka barabara, akaingia baa, akarudi na majagi mawili yamejaa maji ya bomba yetu, yanayoshuka mlimani kupitia ule udongo mweusi wenye harufu ya moshi tunaouchoma kama kuni. Akayaweka mezani kwa Dalgleish.

"Baa yetu haina maji mengine, bwana. Atakayekunywa pale atatia haya."

"Tumeshaanza," Wattie akasema. "Haiwezekani katikati ya—"

"Ana haki," Dalgleish akamkatiza. Alikuwa amekwisha kuyanusa yale maji, na uso wake umebadilika. "Wiski huchaguliwa kwa maji ya mahali itakaponywewa. Hilo nilipaswa kuuliza kabla sijavua koti. Tuanze upya."

Wakaanza upya. Na ukumbi wote ukasikia tofauti hata kabla ya kura. Zile nzito zenye harufu ya moshi, ya tatu na ya saba, zilipokutana na maji yenye moshi wake zikawa kama jivu lililolowa. Nyepesi ndizo zilizoamka. Ya nne ikatoa harufu ya mapera hadi watu wa madirishani wakageuka.

Dod Geddes alikuwa ameshika ya tisa. Amefumba macho. Akanywa, akatia tone jingine la maji, akanywa, glasi ikaisha.

"Hii," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyerudi kwao. "Hii ndiyo kazi yetu. Hivi ndivyo tulivyokuwa tunapika, wavulana. Nipeni nyingine."

"Una hakika, Dod?" akauliza jirani yake.

"Miaka hamsini, wewe unaniuliza hakika?"

Kura: arobaini na moja za Ishbel, kumi na mbili za mgeni. Wattie akasoma majina ya wiski namba kwa namba. Alipofika ya tisa akasita, akakohoa.

"Drumlach."

Vichwa vyote vikamgeukia Dod. Kisha mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, na ukumbi ukapasuka. Watu waliegemeana. Dod alikuwa amebaki na glasi ya pili mkononi, haiweki chini, hainywi.

"Umejuaje, binti?" akauliza mwishowe.

"Harusi ya mpwa wako, mzee. Wiski ilikuwa kwenye majagi, haina lebo. Ya kwenu kila siku unaacha kiasi cha kidole kimoja ndani ya glasi. Ile ulimaliza mara tatu."

Dod akafikiri. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akanywa yote.

"Iweke pembeni, basi. Karibu na saa. Mimi nitanyoosha kidole, wewe usiitaje."

"Sitaitaja."

Wattie akatoa ufunguo mfukoni akauweka kwenye kiganja cha Ishbel, akasema kosa la maji lilikuwa lake. Dalgleish akaja na koti mkononi, akaomba aione orodha. Akaisoma jina kwa jina, polepole, mpaka mwisho.

"Ya ishirini na nne haina wiski wala mtu, mama."

"Niliiacha wazi. Wewe ulipenda ipi?"

"Ya nne," akasema, akicheka kwa aibu. "Tangu ulipoleta maji."

"Ya nne ina mtu wake. Chagua yako."

Akataja moja kati ya zile zake, ndogo, isiyo na moshi. Ishbel akaazima kalamu ya Wattie, akaandika jina la wiski, na mbele yake akaandika Rory Dalgleish. Kisha wote wakavuka barabara, yeye mbele na ufunguo. Akafungua, akapita nyuma ya kaunta, akajimiminia glasi nzima ya ile ya nne, akatia maji. Siku hiyo aliimaliza.