Mlango wa Chumba cha Uyoga

Nyumba ya mama mmoja mkulima wa uyoga ilikuwa na vyumba viwili: kimoja cha uyoga, kingine cha kulala. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna mgeni aliyevuka kizingiti chake. Hakuwa na roho mbaya, jamani. Aliogopa ukungu wa kijani, adui wa kila mkulima wa uyoga, ambao husafiri kwenye nguo na viatu vya watu. Jirani akibisha hodi, alijibiwa kupitia mlango. Shoga zake walichoka kupiga soga na kitasa, wakaacha kuja.

Hata binti yake, alipomleta mtoto mchanga kutoka kwa wakwe anaoishi nao, wafugaji wa kuku, aliambiwa papo hapo nje, "Mwanangu, nisamehe, uyoga unachipua. Njoo wiki ijayo." Binti hakuja wiki ile. Imepita miaka minne.

Na ukungu ukaingia vilevile. Asubuhi moja aliikuta mifuko ya majani makavu imegeuka kijani, na uyoga ulionona jana umelegea, unatoa maji. Akamwita bwana shamba.

"Uyoga umejengwa kwa kitu kiitwacho kitini, mama," alisema bwana shamba, akiubonyeza mmoja. "Ndicho kilichomo kwenye ganda la kombamwiko, kigumu kweli. Lakini ukungu huu ni ndugu wa uyoga. Unatoa vimeng'enya, vinakikata kitini vipande vipande kama mtu anayekata uzi wa shanga, mpaka kinabaki sukari. Kisha unakula."

"Aliuleta nani?"

Bwana shamba alichimbua katikati ya mfuko, akanusa. "Hakuna aliyeuleta. Umeanzia ndani. Majani haya hukuyachemsha vya kutosha."

Mama alicheka kidogo. Miaka yote hiyo amewafungia watu mlango, kumbe adui amemshindilia mfukoni kwa mikono yake mwenyewe. Bwana shamba alipoondoka, alilia. Halafu akampigia binti yake simu. Alikuwa na ombi moja tu: waje, waingie, wakae.

Binti alisikiliza, akasema ataangalia nafasi, kisha akampa mtoto simu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unanijua? Mimi ni bibi yako."

Mtoto alijibu kwa upole, kama anayemwelekeza mtu aliyepotea njia.

"Bibi yuko jikoni. Nimwite?"