Chaja ya Mama wa Redio

Nimesh mwenye duka humjua mteja huyu kwa meno yake. Betri zote kuukuu anazotoa kwenye redio yake zina alama za kuumwa, maana zikianza kufifia yeye huzing'ata, huzianika juu ya mabati, kisha huzirudisha kazini kama vibarua wavivu. Hasalimii mtu dukani mpaka redio iimbe. Leo anataka betri za kuchaji. Nimesh anamwonya kwamba hizi haziumwi wala hazianikwi juani. Mama anacheka tu, akipapasa chaja kwa vidole vyenye udongo wa shamba. Ile ya haraka, iliyochomekwa aijaribu, anaigusa, anaona inachoma, na kuisukuma kando: “Hii itazipika.” Anachukua ya polepole, na betri nne, ingawa redio hula mbili.

“Mum, chaja ya nini?” anauliza mwanawe Kibii, aliyeegemea mlango. “Si Jumamosi unahamia kwangu Milimani? Na unajua mke wangu hapendi kelele.”

Mama anafungulia redio yake mpaka vioo vya kabati vinatetemeka.

“Ndiyo maana nimechukua nne. Mbili zikichaji kwangu, mtaani Free Area, mbili zinapiga kelele huko huko.”