Hitilafu za Mashine Namba Kumi na Nne

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Mgeni akiniuliza jina langu, naanza kulitafuta. Shuleni kwetu Mbulu, tangu kidato cha kwanza, nimejibu swali darasani mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo swali lilikuwa la mwenzangu aliyekaa nyuma yangu.

Kwa hiyo mwalimu wetu wa Kiswahili alipotuambia, kabla ya likizo ya Juni mwaka jana, kwamba kila mmoja akaandike shajara, aliniangalia mimi.

"Mtoto asiyesema, aandike," alisema. "Andikeni mnachokiona, mnachokiogopa, mnachokipenda. Msiniletee habari kwamba mliamka, mkanawa uso, mkanywa uji. Uji naujua."

"Utazisoma, mwalimu?" aliuliza msichana mmoja wa dawati la mbele.

"Sitasoma hata neno moja. Ni siri zenu."

"Sasa utajuaje kama tumeandika?"

"Nitahesabu kurasa."

Shida ikawa daftari. Duka la Katesh wakati ule lilikuwa na chumvi, viberiti, na picha kubwa ya sabuni bila sabuni yenyewe. Daftari hakuna. Nami sikwenda Nambis kwa mama. Nilikwenda moja kwa moja kambini kwa baba, kwenye shamba la ngano la serikali, nimpikie wakati wa mavuno. Baba ni dereva wa kombaini, mashine namba tisa. Nilipomweleza habari ya daftari, alifikiri kidogo, na kesho yake akaniletea kitabu cha kijani chenye jalada gumu, safi, hakijaandikwa hata nukta.

Kilikuwa kitabu cha mashine. Kila kombaini pale shambani ina chake, na kila ukurasa una safu zilezile: Tarehe, Saa za Kazi, Mafuta, Hitilafu, Hatua Iliyochukuliwa, Sahihi ya Msimamizi. Hiki kilikuwa cha namba kumi na nne. Mashine hiyo ilikufa kabla haijavuna hata siku moja, na tangu hapo imesimama nyuma ya karakana ikisubiri spea kutoka ng'ambo. Kuku wanataga ndani yake. Wenye mayai wanajuana.

"Andika," baba alisema. "Hiyo haitaamka leo wala kesho."

Nikaandika. Mwanzoni safu zilinisumbua, baadaye nikaziona zinanisaidia, maana mtu mwenye aibu hajui aanzie wapi, na safu zinamwambia. Tarehe najua. Saa za kazi nikajaza saa nilizokuwa macho. Mafuta nikaandika nilichokula. Na kwenye Hitilafu nikamwaga kila kitu.

Hitilafu: Nimemwamkia mzee wa stoo, nikashindwa kuacha, nikamwamkia mara tatu.

Hitilafu: Mgeni amebisha hodi, nimejificha nyuma ya gunia. Mgeni alikuwa shangazi yangu, amesafiri siku mbili.

Hitilafu: Namwogopa jogoo wa nyumba ya pili. Ananijua.

Hitilafu: Sauti ya yule anayeendesha trekta la maji inanifanya nimwage maji.

Na ukurasa wa kumi na tisa niliandika jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya mtu. Niliandika kwamba baba yangu hajui kusoma.

Namba anazijua, na jina lake anaweza kulichora. Lakini maneno, hapana. Wakati wa kisomo cha watu wazima alichaguliwa kiongozi wa darasa kwa sababu ya sauti yake na kwa sababu ndiye aliyebeba ubao. Alibeba ubao mpaka kisomo kikaisha. Kanuni ya shamba ni kwamba dereva wa kombaini lazima ajaze kitabu chake mwenyewe. Asiyeweza anarudishwa kwenye jembe na magunia. Kwa hiyo nikiwepo, baba ananisimulia jioni, "Mkanda wa kushoto umelegea, tumekwenda saa tisa," nami naandika. Nisipokuwepo, anamwomba dereva mwenzake, akisema macho yanamuuma. Macho ya baba huuma shule zikifunguliwa na kupona shule zikifungwa.

Hayo yote niliyaandika, neno kwa neno, kwenye safu ya Hitilafu.

Wiki ya tatu ya likizo ikaja habari kwamba wakaguzi wanatoka makao makuu. Msimamizi wa karakana, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba, akatangaza kwamba anataka vitabu vyote vya mashine mezani, vya mashine nzima na vya mashine zilizokufa. Mzee huyo ana sheria moja inayojulikana shamba zima: hakuna hitilafu inayobaki bila jibu. Kilichoandikwa kwa bluu upande huu lazima kijibiwe kwa nyekundu upande ule, na haandiki kwamba hatua imechukuliwa mpaka iwe imechukuliwa kweli.

Kesho yake asubuhi nilikuwa bombani nafua ovaroli ya baba. Nikiwa narudi na beseni kichwani, niliwakuta mafundi wawili wa karakana kwenye ua wa nyumba ya pili. Mmoja alikuwa na spana kubwa. Mwingine alikuwa amepiga magoti, anamfunga jogoo mguu kwa waya. Mwenye jogoo, mama mmoja mkali, alikuwa amesimama mlangoni mikono kiunoni.

"Amekosa nini?" alikuwa akiuliza. "Semeni! Jogoo wangu amekosa nini kwa serikali?"

"Mama, sisi tumetumwa," alisema mwenye spana. Akatoa karatasi mfukoni, akasoma: "Mashine namba kumi na nne. Chanzo cha hofu: jogoo. Chanzo kidhibitiwe."

"Mashine inaogopa jogoo?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Basi ndiyo maana hamvuni!"

Beseni liliniponyoka. Niliingia ndani, nikainua godoro. Kitabu hakipo. Wala sikuhitaji kuuliza nani amekichukua. Tulikuwa wawili tu nyumba ile, na mmoja wetu alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kazini.

Nilikimbia. Kutoka kambini hadi karakana ni mwendo wa nusu saa kando ya ngano, na siku hiyo upepo wa mlima Hanang ulikuwa unanirudisha nyuma kana kwamba nao uko kwenye ukaguzi. Njia nzima nilikuwa nahesabu. Jogoo yuko ukurasa wa sita. Akisoma polepole, hajafika kumi na tisa. Akifika, baba anashuka kwenye namba tisa leo hii, na wa kumshusha ni mimi, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Mafundi waliokuwa mlangoni waliponiona walipiga makofi.

"Hee! Namba kumi na nne imekuja kwa miguu!"

"Dada, jogoo tayari. Kuna kingine tukifunge?"

"Gunia la kujifichia lipo, tukuletee?"

Siku nyingine ningegeuka nirudi mpaka Nambis. Nikapita katikati yao.

Msimamizi alikuwa mezani, kitabu kimefunguliwa, kalamu nyekundu mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Mara moja inatosha, usirudie." Alikuwa amesoma, basi. Hakuinua kichwa. "Kaa hapo kwenye ndoo."

"Mzee, hicho kitabu ni cha kwangu. Si cha mashine. Ni shajara ya shule."

"Najua si cha mashine. Mashine haina shangazi." Akageuza jalada anionyeshe. "Lakini hapa pameandikwa nini? Namba kumi na nne. Na kurasa zina namba. Nikichana moja, wakaguzi watasema nimeuza mashine. Na hii safu inaitwaje?"

"Hitilafu."

"Umejaza hitilafu, mimi nisipozijibu, sitaonekana nalala usingizi wa bure hapa?" Akasogeza miwani. "Nimefika ukurasa wa kumi na moja. Bahati nzuri umekuja, maana nyingine sizielewi. Hii: 'Sauti hukatika mbele ya watu.' Inakatika ikiwa ya moto au ikiwa ya baridi?"

Nilitazama kidole chake. Kumi na moja. Kati ya pale na baba kulikuwa na kurasa nane, na hapo wazo likanijia: mzee huyu hageuzi ukurasa mpaka aelewe. Kwa hiyo nisimwache aelewe haraka.

"Ya baridi, mzee," nilisema. "Lakini si kila siku."

"Eleza."

Nikaeleza. Nilieleza kwamba sauti huanza vizuri tumboni, ikifika kooni inakuta watu. Nilieleza tofauti ya watu wanne na watu watano. Alitaka kujua kama kuna mlio kabla ya kukatika, nikamwambia kuna mlio, akaniomba niutoe, nikautoa. Mafundi mlangoni walisogea ndani. Fundi mmoja alisema hiyo ni hewa kwenye bomba la mafuta. Mwingine akasema hapana, mkewe anao mlio huohuo na bomba lake ni zima. Walibishana. Niliwachochea wote wawili.

Mzee akaandika, akisoma kwa sauti: "Imekaguliwa. Hakuna kilichovunjika. Itumike zaidi." Akasaini. Akageuza.

Sijawahi kuongea vile maishani mwangu. Niliongea kuhusu kucheka msibani, lini nilicheka, nilicheka upande gani wa mdomo. Niliongea kuhusu ndoto ya ng'ombe anayenisahihisha hesabu. Ukurasa wa kumi na nne tuliumaliza kwa robo saa nzima. Kengele ya chakula ililia, mafundi wakaondoka shingo upande, na mmoja alirudi kuniomba nisiendelee mpaka amalize ugali. Nilidhani mzee naye atakwenda. Akatoa kiazi cha kuchemsha kwenye droo, akakikata katikati, akanipa nusu.

"Tuendelee," akasema. "Wanafika kesho."

Kumi na tano. Kumi na sita, trekta la maji. "Hili halina spea," alisema, akaandika hivyohivyo. Kumi na saba. Kumi na nane nilijaribu kukohoa. Alinisubiri nimalize, akageuza.

Kumi na tisa alisoma kimya. Kidole chake kilitembea chini ya mistari, polepole, kikafika mwisho, kikarudi juu. Alisoma mara ya pili. Mimi nilikuwa nimeishiwa maneno. Saa nzima nilikuwa nayo tele, na pale yalipohitajika kweli, sikubaki na hata moja.

Aliweka kalamu chini, akaisafisha miwani kwa kipande cha kitambaa chenye grisi, ikawa chafu zaidi, akaivaa.

"Hii," aliuliza, "ilianza lini?"

"Zamani, mzee. Kabla sijazaliwa."

"Inazidi?"

"Hapana. Iko palepale."

"Mashine ikiwa shambani, inavuna?"

"Inavuna, mzee."

"Imewahi kugonga kisiki?"

"Hata siku moja."

"Mkanda ukilegea, inajua?"

"Inajua kabla haujalegea. Inausikia."

Alivuta droo, akatoa kitabu cha namba tisa, akakiweka kando ya changu. Mwandiko ulikuwa mmoja, hata mtoto angeuona. Alivitazama vitabu viwili hivyo kama mtu anayetazama mapacha aliowafahamu tangu siku nyingi.

"Dereva gani," alisema, "anachora vitanzi kwenye herufi y? Mwanaume wa kombaini, mikono ina ngozi ya kobe, anaandika 'yamelegea' utadhani anapamba kitambaa cha mezani. Miaka miwili nayaona maua haya. Halafu Julai ikiisha maua yanaisha."

Alichukua kalamu nyekundu, akaandika taratibu: "Haizuii kazi. Iendelee kuangaliwa." Akasaini, akapuliza wino ukauke.

"Na wewe," alisema akifunga kitabu, "punguza maua. Wakaguzi nao wana macho."

Wakaguzi walikuja, walikaa kwenye kivuli cha karakana, walikunywa chai. Waliangalia kama kila bluu ina nyekundu yake. Namba kumi na nne waliisifu. Walisema ndiyo mashine iliyoangaliwa vizuri kuliko zote, na wakaandika kwamba spea zake ziharakishwe. Kitabu kikabaki ofisini, kabatini, kikiwa kimegongwa muhuri.

Lakini hayo yalikuwa ya kesho yake. Siku ileile ya karakana, jua likiwa bado juu ya mlima, baba alirudi, akaketi kwenye kigoda, vumbi la ngano mpaka kwenye nyusi.

"Nasikia ulikwenda kwa msimamizi."

"Ndiyo, baba. Mbona ulimpa kitabu changu?"

"Alitaka cha namba kumi na nne. Ningempa cha nani? Na nilikiangalia, kimejaa, kimenyooka mistari. Kitabu kitupu ndicho kinaleta maneno." Akavua kiatu, akakikung'uta. "Amesemaje?"

"Amesaini, baba. Kurasa zote."

"Umeona!" Alifurahi kweli. Kisha akaanza kunisimulia siku yake: mkanda, saa, mafuta, jiwe dogo lililoingia kwenye visu. Nilichukua kitabu cha namba tisa, alichonirudishia msimamizi ili kijazwe ya siku ile, nikakiweka gotini, nikaandika kwa mwandiko mbaya kadiri mkono wangu ulivyokubali, y bila vitanzi, mistari ikipanda na kushuka kama njia ya Dongobesh.

Baba alisimama nyuma yangu, akauangalia ukurasa kwa muda mrefu.

"Leo umechoka, mwanangu," alisema. "Acha. Pumzika kidogo, utaandika ukipata nguvu."