Salamu za Trafiki wa Kona

Trafiki anayesimama kwenye kona ya kushukia Lushoto hana haraka na leseni. Kwanza husalimia. Huinama mpaka kofia yake nyeupe iguse dirisha, akauliza habari za nyumbani, za shamba na za mvua, na kila jibu hulipokea kwa pua kabla ya sikio. Vijana wa bodaboda hutafuna majani ya mpera wakimkaribia. Yeye hucheka tu, "Leo umekula mti mzima, mdogo wangu," kisha huendelea kuuliza.

Jumamosi ile tulitoka Rangwi kwenye misa ya kumwombea marehemu kaka yangu, aliyegongwa na dereva mlevi. Mjomba ndiye aliyeendesha, na wote garini tulijua amekunywa boha, pombe yetu ya miwa. Hakuna aliyethubutu kumwambia mkubwa ateremke. Tulishika rozari tu. "Shikamoo, mzee," alisema trafiki. Mjomba akatikisa kichwa, midomo ameifumba. "Shikamoo, baba," trafiki akarudia. Akangoja, mkono kwenye mlango, kama mtu asiye na kazi nyingine. Huku kwetu shikamoo haiachwi hewani. "Marahaba," alisema mjomba mwishowe, na harufu ya boha ikatoka nayo. Trafiki aliupokea ufunguo kwa mikono miwili, goti amelikunja kidogo, kisha akamgeukia mama. "Shikamoo, mama. Nitawatafutia gari lingine."

"Marahaba, mwanangu," mama akaitikia. Tangu mazishi hakuwa amemwita mtu yeyote mwanangu.